Mchuma Pilipili Hafuti Chozi

Mchuma pilipili hafuti chozi.

Mlilisikia neno hili jana kwa Hoza fundi, alipokuwa juu ya nyumba yake iliyoezuliwa na upepo, akigongomea mabati huku uso umemlowa. Nanyi mkaja kuniuliza nyumba na pilipili zina udugu gani. Kaeni basi. Kila mmoja avute ungo wake tuondoe vikonyo huku nikisimulia, maana hadithi hii haipendi mikono mitupu.

Methali nyingi zimetoka mbali, na hakuna ajuaye nani alitangulia kuzisema. Hii yetu ina mahali ilipozaliwa. Ilizaliwa bondeni hapo chini, siku ya msiba, na mama yangu alikuwapo akasikia kwa masikio yake.

Wakati huo hapa Kwedihamba hapakuwa na pilipili hata mche mmoja. Wazee wetu walilima mahindi, na mahindi yenyewe waliwalimia nyani na nguruwe mwitu. Walipanda wao, wakavuna wanyama. Bonde lile mnaloliona leo lilikuwa pori la ukoo, limekaa tu, na palikuwa na mfugaji wa upande wa pili wa mto aliyekuwa akiliomba apate pa kulishia. Alikuwa ameahidi kuupa ukoo madume ya ng'ombe, na wazee wengi walikuwa tayari kumkubalia.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Mzee Sechonge. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo na asiyependelea mtu. Dada yake aliitwa Bi Mkasi. Bi Mkasi aliolewa upande wa Pangani akakaa huko miaka mingi, na mumewe alipofariki akarudi kwa kaka yake pamoja na binti yake, Mwanamvua. Hakurudi na vyombo wala mapambo. Alirudi na nguo zake, na katika pindo la kanga moja alikuwa amefunga mbegu za pilipili.

Bi Mkasi hakuwa mtu wa kukaa na kuhesabu mahindi yaliyoliwa. Aliwakusanya wanawake wa kijiji, akawaambia huko alikotoka amewaona watu wakiishi kwa pilipili nyekundu, zile ndefu zinazokaushwa, na kwamba nyani akionja moja harudii ya pili. Kisha akaenda mbele ya wazee kuomba lile bonde.

"Pilipili?" akauliza Mzee Semkiwa, aliyekuwa mwepesi wa maneno kuliko wenzake wote. "Mtu hashibi pilipili, Bi Mkasi."

"Mahindi nayo hamjashiba, Mzee Semkiwa," akajibu. "Mnawashibisha nyani."

Wazee wakageuza nyuso zao kando kuficha kicheko. Mzee Sechonge hakucheka. Alisema, "Huyu ni dada yangu, kwa hiyo sitampa kitu nisichoweza kumpa mtu mwingine. Wanawake wachukue bonde msimu huu mmoja. Wakivuna, bonde ni lao, wao na binti zao. Wasipovuna, litakwenda kwa mfugaji, na pasiwe na wa kulalamika."

Ndivyo walivyoanza. Walifyeka lile pori kwa mapanga, wakang'oa visiki, wakatengeneza kitalu na kukitandika nyasi ili jua lisiunguze miche. Kila jioni walipandisha ndoo za maji kutoka mtoni. Miche ilipofika kimo cha kiganja wakaihamishia shambani, mmoja mmoja, wakiukandamiza udongo kwa vidole kama mtu anayemfunika mtoto. Bi Mkasi alipita mistari yote. Mche uliopinda aliuchongea kijiti akaufunga. Ulionyauka aliurudishia mwingine. Wanaume walipopita njiani kwenda vilabuni walikuwa wakiuliza, "Vipi, mboga ya kutia hizo pilipili mtaipata wapi?" Wanawake waliendelea kupalilia.

Mipilipili ikashika. Ikatoa maua madogo meupe, kisha pilipili za kijani, na kiangazi kilipokolea zikaanza kugeuka rangi. Nyani walikuja mara moja tu. Mama yangu alikuwa akisimulia jinsi dume moja kubwa lilivyotafuna pilipili, likatulia, kisha likajisugua mdomo kwenye majani huku likipiga kelele, na kundi zima likarudi mlimani. Ndege tu ndio walioendelea kula, maana wao pilipili haiwawashi, na Bi Mkasi alikataza wasifukuzwe sana. Alisema ndege naye ana haki yake.

Hapo ndipo mizaha njiani ilipokoma. Mtu akisimama ukingoni mwa bonde asubuhi aliona wekundu umetanda toka juu hadi mtoni, na hata waliokuwa wakicheka walisimama kidogo kabla ya kuendelea na safari zao.

Bi Mkasi alikuwa amewafundisha wenzake mambo ya kuchuma. Pilipili huchumwa pamoja na kikonyo chake. Mwenye mtoto mchanga asimnyonyeshe kabla hajaosha mikono kwa majivu, akaisugua kwa mafuta ya ufuta, akaiosha tena. Na mtu akiwa shambani asiguse uso wake kwa lolote lile, hata nzi akitua puani. Alikuwa akisema pilipili ina subira ndefu, hukaa kidoleni kimya ikilingoja jicho.

Walipanga siku ya kuanza mchumo. Alfajiri ya siku hiyo Bi Mkasi hakuamka.

Hakuwa ameugua. Alilala akiwa amekwisha kupanga matenga mlangoni, na binti yake alipokwenda kumwamsha alimkuta amekwisha kupoa. Sauti ya kilio ikatoka nyumba ile ikaenea kijijini, na watu waliokuwa wameshika njia ya bondeni wakageuka.

Nanyi mnajua desturi zetu. Msiba ukiingia kijijini hakuna anayekwenda shamba. Jembe hulazwa. Watu hukaa matanga, wanawake ndani, wanaume nje kwenye majamvi, mpaka siku za msiba zimalizike. Ndivyo tunavyoheshimiana. Siku hiyo wanaume walichimba kaburi, wakamsalia marehemu, wakamzika baada ya adhuhuri. Waliporudi kutoka makaburini, upepo ulikuwa umebadilika.

Ulikuwa unatoka mashariki, wa baridi, na nyuma yake yalikuja mawingu. Mvua za vuli zilikuwa hazijatarajiwa wakati ule. Lakini mvua haitumi mjumbe. Na pilipili iliyoiva ikinyeshewa ikiwa mtini huota madoa meusi, kisha huoza hapo hapo. Kila mwanamke aliyekuwa ndani ya nyumba ile alilijua jambo hilo, na hakuna aliyelisema, kwa sababu ya msiba.

Mwanamvua alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa amekifunga kanga. Aliinuka. Wanawake walidhani anakwenda uani. Akatoka mlango wa mbele, akaenda mpaka pembeni mwa jamvi la wazee, akapiga goti.

"Mjomba," alisema, "naomba ruhusa ya kusema."

"Sema, mwanangu," akajibu Mzee Sechonge. Kanzu yake bado ilikuwa na udongo wa kaburi la dada yake.

"Mawingu yamefika mlimani. Naomba niende bondeni."

Mzee Semkiwa ndiye aliyejibu. "Tangu enzi za babu zetu, msiba ukiingia jembe halishikwi. Leo unataka kuivunja desturi wewe, tena kwa msiba wa mama yako mwenyewe?"

"Jembe sitalishika, babu. Pilipili huchumwa kwa mikono."

Mtu mmoja alikohoa. Mzee Sechonge alimtazama mpwa wake. "Udongo wa kaburi haujakauka," alisema. "Watu watasema umemwacha mama yako."

"Watasema, mjomba. Lakini mama hayumo ndani humo nilimotoka. Humo mna mkeka na watu wanaolia. Mama yuko bondeni. Hakuna mche hata mmoja kule ambao hakuugusa. Mvua ikizikuta pilipili zake mtini, nitakuwa nimemzika mara mbili kwa siku moja."

Hakusema kwa ukali. Mama yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

Mzee Sechonge akainamisha kichwa. Ukoo mzima ulikuwa unamtazama yeye. Akiruhusu, amevunja desturi kwa ajili ya damu yake. Akikataa, bonde limekwenda. Mwisho akasema, "Ukoo haukutumi. Wala ukoo haukuzuii. Ukienda, umekwenda kwa miguu yako."

Mwanamvua akashukuru, akainuka, akachukua tenga moja kati ya yale aliyoyapanga mama yake mlangoni, akashuka bondeni peke yake.

Mama yangu jina lake Kidawa, mnalijua. Alikuwa rafiki yake Mwanamvua, na alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto huyo ni mimi. Alisimama pale mlangoni akimwona rafiki yake akiwa mdogo, akiwa mdogo zaidi, mpaka akaingia kwenye ule wekundu. Alikuwa akituambia hakuwa na mawazo makubwa yoyote. Aliona tu kwamba tenga moja haliwezi kulimaliza bonde. Akanifungua mgongoni, akanikabidhi kwa bibi yangu, akachukua tenga la pili.

Alipofika alimkuta Mwanamvua katika mstari wa kwanza. Alikuwa anachuma kwa mikono miwili, haraka, bila kuchagua pa kuanzia, na alikuwa analia. Ndani ya nyumba hakuwa ametoa chozi, watu walikuwa wakinong'ona kuhusu hilo. Sasa machozi yalimtoka kama maji ya mfereji. Yalishuka mashavuni, yakafika kidevuni, yakadondokea kwenye pilipili. Yeye hakuyagusa. Macho yalipojaa aliyafumba, akachuma kwa kupapasa, akayafumbua, akaendelea.

Mama yangu hakumwambia pole. Aliingia mstari wa pili. Baada ya muda akasikia majani yakichakarika nyuma yake, akageuka, akawaona wanawake wakiteremka mlimani na matenga na makapu na ndoo, bado wamejifunga kanga za msibani. Hawakuimba, kwa heshima ya marehemu. Wakaingia kila mmoja mstari wake. Na kwa kuwa Bi Mkasi alikuwa mtu wao wote, wengi walikuwa wanalia, na hakuna aliyeinua mkono kwenda usoni. Lilikuwa shamba zima la nyuso zilizolowa na mikono isiyosimama.

Huko juu wazee walikuwa wamebaki na jamvi lao. Mzee Sechonge akashika fimbo yake akasema anakwenda kuona. Hakusema anakwenda kuona nini. Wenzake wakamfuata kwa mbali.

Alimkuta mpwa wake katikati ya shamba. Alipouona uso ule, ule ugumu wake wote ukamlegea. Alitoa kitambaa mfukoni mwa kanzu, safi, akamnyooshea.

"Futa uso, mwanangu," alisema. "Pumzika kidogo ulie, kisha utaendelea."

Mwanamvua hakuacha kuchuma. "Siwezi, mjomba," alisema. "Mchuma pilipili hafuti chozi. Nikilifuta kwa mikono hii sitaona, na nisipoona sitachuma. Liache lishuke. Linajua njia."

Mzee Sechonge akasimama na kitambaa chake mkononi. Mbele yake binti wa dada yake, na pande zote wanawake wa ukoo wake, na juu mawingu yamekwisha kulifunika jua. Akakirudisha kitambaa mfukoni. Akachomeka fimbo yake ardhini, akakunja mikono ya kanzu, akaanza kuchuma.

Wazee waliomfuata walitazamana. Mzee Semkiwa akasema, "Basi tena," akavua makubazi yake, akaingia. Baada yake wanaume wote wakashuka, hata wale wa maneno ya njiani, na wengine walikuja na magunia.

Sasa sikilizeni yaliyompata Mzee Sechonge. Yeye hakuwa amemlilia dada yake. Alimuaga kwa maneno mazuri, akambeba, akamshusha kaburini, jicho kavu, kama alivyoona inampasa mkubwa wa ukoo. Lakini kule shambani mikono yake ilipozoea kazi, moyo wake ukapata nafasi. Alifika kwenye mche mmoja uliokuwa umefungwa kijiti kwa kipande cha kanga, na kipande kile alikitambua. Ni kanga aliyomnunulia dada yake siku aliporudi kutoka Pangani. Chozi likamtoka. Naye, kwa kuona haya kwamba mtu mzima ataonekana, akalifuta upesi kwa nyuma ya kidole.

Mama yangu alikuwa karibu yake. Alisema Mzee Sechonge alinyooka kama mtu aliyeumwa na nyuki, akafumba jicho, akakaza meno. Wanawake wakakimbia kumletea mafuta ya ufuta wakampaka kwenye kope, wakamwambia akae kivulini. Alikataa. "Nimebaki na jingine," alisema, akarudi kwenye mstari wake. Alichuma hadi mwisho na jicho moja. Na la pili lilipoanza kutoa machozi aliliacha litoe, watu wote wakaona, wala hakuna aliyemdharau. Mama yangu alisema kuanzia saa ile wanaume wengine nao waliacha kujizuia.

Walimaliza jua likikaribia kuzama. Matenga ya mwisho yalipandishwa mlimani matone ya kwanza yakianguka. Hapakuwa na ghala, kwa hiyo pilipili zikaingizwa majumbani, na nyingi ziliingizwa nyumba ya msiba kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mikeka mingi. Zikatandazwa vyumba vyote, sebuleni, hadi chini ya kitanda cha marehemu. Nje mvua ikashuka kwa kishindo. Ndani watu walikaa matanga wakiwa wamezungukwa na pilipili. Mzee Semkiwa aliyekuwa akiongoza dua alipiga chafya katikati, akajaribu kuendelea, akapiga nyingine, na msiba mzima ukacheka. Mwanamvua naye alicheka.

Kisha akaenda uani. Akaosha mikono yake kwa majivu, akaisugua kwa mafuta, akaiosha tena, polepole, kila kidole. Akarudi, akakaa karibu na mama yangu, akalaza kichwa chake begani kwake, akalia mpaka akatosheka. Na hapo ndipo alipoufuta uso wake.

Mvua ilipokatika jua lilirudi kwa nguvu, na watu wakazianika pilipili juu ya mwamba ule mkubwa wa juu ya kijiji. Waliopita barabara ya mbali waliona mlima umevaa nyekundu wakauliza kuna sherehe gani. Zikakauka vizuri, hata moja haikuwa na doa. Walipokuja wachuuzi wa kwanza walivunja moja, wakainusa, wakaangaliana. Hakuna mwaka uliofuata ambao hawakurudi.

Siku matanga yalipoanuliwa, Mzee Sechonge alisimama mbele ya ukoo. Hakutoa hotuba. "Nilisema wakivuna, bonde ni lao," alisema. "Mmeona wenyewe waliyemzika mchana, na mmeona walichovuna jioni. Mfugaji aambiwe atafute kwingine." Na bonde likabaki la wanawake na binti zao, ndiyo maana leo shamba lile ni la mama zenu, na pilipili mlizo nazo kwenye ungo zimetoka humo humo.

Lakini aliyeisafirisha methali si Mwanamvua. Mwanamvua alilisema neno lile mara moja tu, akarudi kwenye kazi yake. Aliyeisafirisha ni Mzee Sechonge. Jicho lake lilikaa jekundu kwa siku nyingi, na kila alikokwenda, kijiji kwa kijiji, kwenye vikao na kwenye harusi, watu walimuuliza limepatwa na nini. Mtu mwingine angesema ni vumbi. Yeye, aliyekuwa hacheki ovyo, alitabasamu, akainua kichwa, akawaambia:

"Niliingia shamba la mpwa wangu. Huko kwetu wanawake walilia huku wakichuma mpaka bonde likaisha. Mimi niliona haya na chozi langu, nikalificha, na hii ndiyo adabu niliyopewa. Nendeni mkawaambie watu wenu. Mchuma pilipili hafuti chozi."